Machipukizi ya Nabintu

Ibanda, Bukavu

Mama mpenzi,

Umeamkaje huko? Goti limepoa, au bado linakusumbua ukiteremka ziwani? Sisi tuko, Mungu anatulinda. Nakuandikia kwa sababu kwa simu kila mara laini inakatika tukiwa katikati ya habari za migomba, na safari hii nataka unisikie mpaka mwisho.

Kile kipande cha mgomba ulichonitumia kilinifikia. Ndugu yako, tonton Déo, alikileta kwa boti kutoka Minova, kimefungwa kwenye kitenge chako kama mtoto mchanga. Nilikipeleka kwa agronome mmoja, bwana shamba tunayesali naye. Akakichungulia, akasema ni ule ugonjwa unaotangazwa redioni, tukate ua linaloning'inia chini ya mkungu. Nikamwambia Mama anakata tangu msimu uliopita na migomba inakufa tu. Akajikuna kichwa, akanipeleka kwa mwenzake, maman mmoja mkali. Huyo alikipasua, akaona ndani mistari ya rangi ya kutu, akaruka nyuma.

"Nani alileta hii kintu mu mji? Hii haiko ile ya radio! Hii ni kuvu, inakaa mu udongo. Utakata maua mpaka utachoka!"

Tukakichoma kwenye babula la mkaa papo hapo, na kitenge chako pia. Nitakununulia kingine.

Nikamwuliza, mbona bitoke zetu za kupika ziko kijani na ndizi za kasiksi zinakauka pembeni yake? Akasema kuvu hiyo ina koo zake: ukoo mmoja unaua ndizi za pombe na kuacha bitoke, mwingine unaua hata zile ndizi ndefu za dukani. Wetu ni upi? Mpaka maabara. Na dawa? Hakuna. Hapo kichwa kilinivurugika kabisa, Mama. Ugonjwa una koo, una majina, dawa haina!

Sasa harusi ya mdogo wangu. Najua umeshamchagulia Nabintu machipukizi ya kwenda nayo kwa mume, kama koko, mama yako, alivyokupa wewe ulipoolewa. Nilimwonyesha yule maman picha ya machipukizi hayo, ile aliyonitumia Nabintu mwenyewe akijisifu.

"Iko muzuri sana," akasema, "lakini pengine imekwisha beba bugonjwa. Musipande fasi ingine."

Basi bibi arusi atoke kwetu mikono mitupu? Watasema umemnyima. Na akienda nayo, shamba la wakwe litakauka na jina baya litakuwa lake. Nimewaza kila upande, sioni pa kutokea. Naogopa.

Mama, usimpe. Nakuomba. Mpe jembe lako, lile la mpini mweusi lililolima migomba hiyo yote. Lakini kwanza lisugue kwa maji na sabuni, hata pale chuma kinapoingia kwenye mpini, lisibaki vumbi. Sijui hata naandika nini: namwambia mama yangu aoshe udongo wa kwetu usije ukamfuata mtoto.

Nisalimie Papa, koko na kikohozi chake, na tonton Déo, ila asibebe tena mgomba wowote. Kwa Nabintu usipeleke salamu zangu kwanza. Atauliza nimeandika nini.

Mtoto wako mkubwa,
Faida