Lenzi Mbili na Picha ya Msiba wa Mama Kulwa

Jumamosi, Masumbwe

Masanja, mwenzangu wa studio, bado amenuna, na yote ni kwa sababu ya lenzi. Anataka tuuze pikipiki tununue lenzi ya milimita hamsini ya bei mbaya, kama ile aliyoazima Kahama. Mimi naitetea hamsini yetu ya plastiki, ingawa najua kanisani gizani inahangaika.

Leo alikuja jirani yetu Mama Kulwa, mzima kabisa, anataka picha ya kuwekwa juu ya jeneza lake.

"Wanangu watachagua mbaya," alisema.

Tukampiga picha kwa lenzi zote mbili, yetu na ile ya kuazima. Ya Masanja ilitoa kila kunyanzi na kila unywele wa kidevuni. Mama Kulwa akaitazama kwenye kompyuta.

"Huyu ameshakufa."

Yetu ilikuwa na ukungu kidogo pembeni, lakini macho yalikuwa yanacheka. Akaikodolea macho muda mrefu.

"Huyu watamlilia."

Nilicheka hadi nikatoka nje. Masanja akanung'unika kwamba wateja hawajui lenzi.

Wakati wa kuaga, Mama Kulwa alinishika mkono. "Siku yenyewe usije na kamera, mwanangu. Nitakuwa sijajiremba."

Hapo sikucheka.