Jina la Bonanza bado liko kwako

Uvira, Mulongwe
Tarehe 23 Juni 2024

Kwa Yaya wangu mupendwa, kaka yangu Toussaint, kule Lubumbashi,

Nakusalimia kwa jina la Bwana. Mugongo unakusumbua bado? Na baridi ya huko ya mwezi wa sita, umeizoea ama ungali unalala na koti? Muke wako Victoire anaendeleaje na ugonjwa wake wa sukari? Sisi huku tuko wazima. Ziwa lilitupandia mpaka kwenye mulango wa kanisa, lakini sasa linaanza kurudi nyuma, na nyumba yangu haikuguswa. Majirani wanasema nilijenga kwa akili. Sikatai.

Nimeacha simu pembeni juu simu inakata maneno, na haya niliyo nayo leo hayapendi kukatwa. Barua utaipata mukononi mwa Mama Shalom, jirani yangu, anayekuja huko kutafuta vitenge. Umupe chai yenye maziwa, asirudi akisema ndugu zangu ni wakavu.

Kwanza nikupe habari za Aline, juu nikianza na kingine nitakuwa mwongo. Mutoto wetu sasa anafanya kazi kwenye munara wa kuongoza ndege kule Kalemie. Anakaa juu kabisa, na ndege haishuki mpaka yeye akubali. Mutoto niliyemulisha ndagala anaambia ndege ngoja, na inangoja. Nililisema hili sokoni mara nyingi mpaka Honorine, yule tunayeuza naye samaki meza moja, akaniambia, "Mama Aline, leo haujatuambia kama hata jua linamuomba ruhusa." Nilimujibu kwamba halijaomba bado, ila na lenyewe lijiandae.

Nilimuuliza Aline kama zile ndege ndogo za utoto wetu bado zinapita, Skylane, na Cherokee, na Baron. Akacheka. "Mama, sisi tunaziita kwa herufi za mukia." Yaya, nilisikia uchungu kidogo. Majina mazuri namna ile, halafu watu wanaita herufi.

Unakumbuka Frère Basile, rubani wa misioni, akikaa chini ya bawa na ndizi yake ya kuchoma, anatufundisha? Kwamba kule Amerika wenye kutengeneza ndege walikuwa wanaitafutia kila moja jina la kuvuta wanunuzi. Skylane, ni barabara ya angani. Baron, ili mwenye kuinunua ajione bwana mukubwa. Cherokee na Navajo ni makabila ya kule. Na Bonanza ni utajiri unaokuangukia bila kuutafuta. Papa wetu alisikiliza yote, halafu akasema, "Kumbe nao wanaita wateja kama wamama wa samaki." Minye nililishika hilo. Mpaka leo beseni langu la samaki wa mukeke naliita Baron, na linaisha kabla ya lile la Honorine.

Kiwanja chetu cha ndege cha Runingu, alichokuwa anakitunza papa, sasa ni mihogo na nyumba chache za bati. Nilipita pale mwezi uliopita. Kijana wa pikipiki aliyenibeba hakuona kitu, lakini minye nilikiona kiwanja chote: papa na fyekeo lake, na weye ukipiga bidoni, lile dumu tupu, kufukuza ng'ombe njiani mwa ndege. Weye ulijua ndege kwa sauti kabla haijatokea juu ya mulima. Ulisema, "Hiyo ni Cherokee," nasi tunangoja, na inakuwa Cherokee kweli. Nilijivuna shuleni kwamba yaya wangu ana masikio ya rubani.

Unakumbuka na vile papa alivyowapa ng'ombe wetu majina ya ndege, mpaka siku ile ya Navajo. Papa alisikia ndege inakuja, akapiga kelele, "Navajo! Navajo!" ili watu watoke njiani. Ng'ombe wetu Navajo, aliyekuwa zake mbali kwenye majani, akaja mbio mpaka katikati ya kiwanja, kuitika. Frère Basile akapanda tena juu, akazunguka. Aliposhuka hakumusalimia muntu. Toka hapo papa akaweka sheria: ng'ombe atapewa jina la ndege pale tu ndege yenyewe imeacha kuja. Ndipo tukapata Cherokee, halafu Baron, halafu Skylane, kadiri ndege zilivyokuwa zinatuacha.

Jina la Bonanza peke yake halikupata ng'ombe.

Ndege yenyewe ilishuka mara moja tu, nyeupe, mustari wa bluu, ya yule tajiri wa kahawa, siku mama alipopelekwa hospitali Bukavu. Minye nilikuwa mwaka wa tatu, weye unamaliza primeri. Mama alituinulia mukono dirishani. Akazikwa kule kule, sisi tukaletewa habari tu. Baadaye ulimuomba papa lile jina kwa ndama mwenye nyota kwenye paji. Papa akasema, "Ile bado haijarudi." Alipokufa, fimbo yake na kazi ya kutoa majina vikabaki kwako.

Sasa Aline anaolewa na Déogratias, mwalimu wa hesabu, kijana wa Luberizi, mupole, ana bahati kumupata mutoto wangu. Baba yake, muzee Ndihokubwayo, alileta ng'ombe wa mahari, na unajua mumoja ni wa mujomba, yaani wako. Ni jike, rangi ya kahawa, pembe ndefu. Muzee akamusogeza mbele ya watu wote, akauliza, "Huyu wa mujomba, mutamuita nani?" Nikamujibu, "Mwenye kumuita anakuja."

Jioni yake nikapata ujumbe wako: "Mumuchinje tu kwa arusi, minye niko mbali."

Nilikasirika, halafu ikapita. Kinachokuzuia si umbali, Yaya. Ulikuja kuzika papa, ukalala hapa Uvira, ukarudi bila kufika Runingu. Nilikuona unakikwepa kile kiwanja mama alipoondokea.

Huyu ng'ombe hachinjwi. Nimemuweka kwa Kwizera, yule anayelima pale kiwanjani, naye anasema ana mimba. Sitaki azae hana jina. Arusi ni Jumamosi inayofuata sikukuu ya Asomptio, tarehe 17 mwezi wa nane. Panda ndege mpaka Kalemie. Aline ameniahidi kwamba ndege yako ataishusha yeye mwenyewe. Halafu mukuje pamoja kwa bato, juu ya ziwa, mpaka hapa Uvira. Tutaenda kwenye ile mihogo, weye na minye, na utamuita Bonanza kwa sauti ile yako ya zamani. Ile ndege ya mama haitarudi, Yaya. Minye nimekubali. Lakini majina hayako kwangu.

Unisalimie Victoire na watoto, Ushindi na kadogo Inamahoro. Mungu awashike mukono mukiwa njiani na mukiwa nyumbani.

Ni minye mudogo wako, mwenye kukupenda na kukutandikia kitanda tayari,

Sidonie

N.B. Bidoni lako la zamani nimelitafuta, halipo. Nimenunua lingine, la njano.