Mgongo wa Yule Aliyeinama

Husby, 14 Februari 2009

Shemeji Vénant,

Mimi huyu nina miaka sabini na nane. Nimevuka vita viwili, nikamzika na daktari aliyenipa mwezi mmoja. Hapa Husby, Uswidi, hakuna mzee anayenishinda kutembea kwenye barafu.

Lakini binti yangu Darlène ananidharau! Amenunua picha kule Vällingby, ameitundika sebuleni: wanawake wanaoga mtoni, uchi kabisa, wamechorwa madoamadoa hata sura hazionekani. Yule aliyeinama anaosha nywele nilimfunika kwa kitenge. Darlène akakitoa. "Papa, acha ushamba, ni rangi tu!" Nikamfunika tena. Mara tano sasa, na sichoki!

Shemeji, ule mgongo ni wa dada yako Hortense. Darlène anajua mama yake alikufa kwa homa, maana ndivyo tulivyomdanganya akiwa mdogo. Mimi siogopi mtu, ila hilo mdomo wangu umelikataa. Mwandikie wewe ukweli, aishushe hiyo picha!

Akibisha, amuulize Egide fundi baiskeli. Ndiye aliyeziokota nguo za Hortense juu ya jiwe, pale mtoni Ruzizi alikokwenda kuoga, na mwenyewe hatukumwona tena.

Shemeji yako,
Désiré