Cheti cha Klara

Wilaya ya Lushoto
2 Aprili 1976

Dada yangu mpendwa Bertha,

Shikamoo dada. Kifua kinaendeleaje na baridi ya huko shamba la chai la Mponde? Sisi huku miili ni mizima, mvua zimeanza vizuri na maharage yameota.

Dada, nina habari ya mwanao, na si njema. Unakumbuka jinsi ulivyokuja na kuku kunishukuru, kijiji kilipomchagua Klara awe msaidizi wa zahanati. Wiki iliyopita mganga alikwenda mjini kuchukua dawa, akamwachia zamu. Jirani yetu Secilia akafika na mwanawe mwenye homa. Klara akamnywesha yule mtoto dawa ya upele, ile ya kupaka. Mtoto alitapika mpaka akalegea. Tukambeba kwa machela hadi hospitali. Namshukuru Mungu, siku ya tatu aliomba uji.

Kwenye mkutano wa kijiji watu walimwita Klara mzembe. Mwenyekiti alitaka kujua kwa nini hakusoma maandishi ya kwenye chupa. Klara akainama, akanyamaza. Mimi, mwalimu wake na mama yake mdogo, nilikuwa nimekaa benchi la mbele. Nami nikanyamaza.

Dada, Klara hajui kusoma. Uliponikabidhi baada ya baba yake kufariki, ulinisihi nisiwe mkali kwake. Nikadhani huruma ni kumwondolea kila kizito. Zamu yake ya kusoma darasani ikifika, niliiruka. Nyumbani nilimsomea mimi, yeye akakariri. Alipomaliza la saba nikaandika kwenye cheti chake, kwa mkono wangu: “Anasoma vizuri.” Kwa maneno hayo akapewa kazi. Juzi aliniuliza taratibu, “Mama mdogo, ulikuwa unajua. Mbona uliniacha?”

Jumapili baada ya ibada nitasema yote mbele ya watu, Secilia akisikia. Wakinifukuza kazi, sawa.

Usimgombeze mtoto. Nasikia umemaliza kisomo cha watu wazima na barua unajisomea. Basi mfundishe wewe, tangu herufi ya kwanza. Mimi nilipewa miaka saba nikaipoteza.

Barua hii anakuletea Klara mwenyewe. Bahasha sikuifunga kwa gundi, kwa kuwa nilijua hataisoma.

Wasalimie wenzako wote wa shambani. Ukiweza, niombee.

Ni mimi mdogo wako, mwenye haya,
Yudith