Swali la Marta

Jumatatu, 3 Machi
Nimetoka shifti kwenye nyumba ya wazee, nimekunja nguo, nimemsikiliza binti yangu Upendo mistari yake. Ndiyo ratiba yetu ya jioni siku hizi huku ugenini. Yeye anasimama karibu na friji, mimi nashika kitabu cha tamthilia yao ya shule. Nasema, "Tendo la pili, onyesho la tatu." Anataja kwa Kiingereza bila kupepesa macho. Ndivyo nilivyofundishwa mafungu ya Biblia kule Singida, shule ya Jumapili: kitabu, sura, mstari, kaa chini. Hata leo ukiniamsha usingizini nayataja.

Mchezo wenyewe wa huzuni. Binti, Elena, anapendana na Tomas, mwashi wa mtaa wa chini. Mama yake, Marta, hataki. Mafuriko yanapokuja anamfungia binti chumbani asitoroke na mwanamume. Maji yanaingia. Tomas anavunja mlango, lakini amechelewa, Elena ameshakufa, na yeye anachukuliwa na maji hayo hayo. Marta anabaki na ufunguo.

Upendo ameshika mistari yote. Bwana ni mwema.

Alhamisi, 13 Machi
Majibu ya mtihani wa majaribio yametoka. Amefeli.

Mwalimu wake aliniita. Kijana mpole, tai imepinda. Akanionyesha karatasi. Swali lilitaka waeleze Marta ni mtu wa namna gani. Upendo ameandika mistari ya Marta, yote, kwa mpangilio, na namba za onyesho pembeni. Basi. Hakuna neno lake hata moja. Mwalimu akasema mistari ni ushahidi, sasa kesi iko wapi?

Asipofaulu mtihani wenyewe mwezi wa tano, chuo hakimpokei, na njia ya ukunga inafungwa hapo.

Tuliporudi kwenye basi akaniambia kwa Kiingereza chake, "Mama, nilikwambia wanataka maelezo. Ukasema nishike kwanza."
Kweli nilisema. Aibu tupu.

Jumapili, 16 Machi
Ibada nzuri, kanisa baridi. Baadaye nikamweleza Mama Glory, ambaye binti yake alipita somo hilo mwaka jana. Alicheka mpaka chai ikamwagika.
"Mwenzangu, ulidhani Marta ni Mtume Paulo?"
"Nicheke tu, shosti."
"Sikucheki. Haya nakucheka. Sikiliza. Kila mstari muulize: nani anasema, anataka nini, anaficha nini. Glory alinichosha na maswali hayo mwaka mzima."

Sikuzoea. Sisi fungu tulilishika na kulitii. Hatukuliuliza linaficha nini.

Jumanne, 25 Machi
Tunajaribu. Nasoma mstari, namwuliza kwa nini. Polepole kama kuvuta ng'ombe kisimani, lakini tunakwenda.

Leo tumefika pale Marta anapogeuza ufunguo na kusema, "Mlango huu ni mkono wangu."
Nikasema umeona, anamkumbatia. Anamlinda mtoto.
Upendo akasema, "Mkono unaokaba shingo nao ni mkono, Mama."
Nimekasirika kidogo. Nimejikuta namtetea Marta. Mwashi hana kazi ya kueleweka, maji yanapanda, mama afanye nini? Upendo akaandika niliyosema. Kisha akaandika ya kwake chini, marefu zaidi.

Jumamosi, 5 Aprili
Amenisomea insha yake mpya. Inaanza hivi, kwa Kiswahili changu: Marta anampenda Elena kuliko uhai wake, lakini katika mchezo mzima hamuulizi swali hata moja.

Alisoma bila kuniangalia.

Imeniuma. Nimeenda kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Jumapili, 6 Aprili
Baada ya kanisa nilifunga mlango wa chumba, nikachukua kitabu. Nikapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa, kila anapoongea Marta na binti yake. Amri. Onyo. Dua. Amri. Nikaanza kuingiwa na hofu kwamba mtoto kasema kweli. Halafu nikaliona, onyesho la kwanza kabisa. "Umekula?"

Nikamwita kwa sauti ya ushindi. "Njoo uone! Swali hilo hapo!"

Upendo akaangua kicheko, akashika meza. "Mama! Hilo si swali, hiyo ni salamu. Wewe unaniuliza hivyo hata nikiwa natafuna."
Nami nikacheka. Ni kweli.

Kisha yeye akaacha kucheka. Akachukua kalamu, akafuta sentensi yake. Akaandika kwamba Marta ana swali moja tu, nalo ni la tumbo. Anajua binti yake amekula nini. Hajui anaogopa nini. Akasema, "Asante, Mama. Huo ni ushahidi mzuri kuliko wangu."

Usingizi haukuja haraka. Nilipiga magoti, sikujua niombe nini. Nikataja jina la mwanangu tu.

Ijumaa, 25 Aprili
Mwalimu kasema insha imesimama. Afya ni nzuri. Mgongo unauma.

Leo nimemchukia Marta. Zamu nzima, nikitandika vitanda vya wazee, namchukia. Nilipofika nyumbani nikamhurumia. Hakuna aliyemfundisha kuuliza. Alidhani upendo ni kujua jibu kabla mtoto hajafungua mdomo.

Jumatatu, 12 Mei
Mtihani umekuwa leo. Asubuhi tuliomba mlangoni, sala fupi, akaondoka. Mchana nilimlisha bibi mmoja uji kazini, nikitazama saa kila kijiko.

Alirudi mapema kuliko nilivyofikiri. Akavua viatu. Nilikuwa nakaanga ndizi, na lile neno la chakula lilishafika ulimini. Nikalimeza.

Akasema swali la Marta limetoka kwenye mtihani, ameandika kurasa nyingi, hajui itakuwaje. Nikasema tumwachie Mungu.

Kisha nikamwuliza kwa nini anataka ukunga. Nimewaeleza watu wote kanisani kwamba binti yangu atakuwa mkunga. Yeye sijawahi kumwuliza.

Akavuta kiti. Akaanza kuongea, taratibu, kama mtu anayepima kwa mguu barafu iliyoganda juu ya maji.

Nikazima jiko, nikakaa.