Kufuli la Bweni

Shoga, uko wapi? Dada amenipigia sasa hivi kutoka kiwanda kinachoishonea sare kampuni anayofanyia kazi, alikotumwa kukagua hali ya mafundi, wengi wao wageni kutoka nje ya nchi.

Kila fundi aliyemuuliza alijibu, "Tuko vizuri." Maneno yaleyale, kama kasuku!

Alipoingia chooni, fundi mmoja akamfuata, akafungulia bomba maji yapige kelele, akamnong'oneza: "Dada, bweni letu hufungwa kwa nje. Na pasipoti zetu anazo meneja."

KWA NJE, shoga! Kama mbuzi!

Dada akataka kuliona bweni. Meneja akacheka, eti ufunguo umepotea. Dada akampigia bosi wake wa kampuni, naye bosi akasema, "Usituharibie biashara. Kunywa chai yao, urudi."

Si unamjua dada? Akaketi palepale mlangoni pa bweni, akawaita maofisa wa kazi. Wakavunja kufuli. Ndani walikuwemo wanawake wa zamu ya usiku, wamekaa vitandani.

Sasa dada na maofisa wako nao uani, wote. Pasipoti bado hazijatoka.

Bosi kapiga tena: "Ukikaa hapo, kesho usije kazini."

Dada akamjibu, "Hata hivyo nisingeweza kuja. Kesho nitakuwa bado nipo nao hapa."

Mimi navaa viatu naenda. Unakuja?