Ejo Uliyoniita, Mukabera

Mwaka umetimia sasa, Mukabera mdogo wangu, tangu ulipotutoka pale Nkanka, Jumanne ile ya mwezi wa nane 1999. Mikeka yako ya kuanikia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, bado iko ukutani. Binti yako Uwimbabazi ndiye anaitandika, na anafukuza kuku kwa sauti yako kabisa, mpaka sisi tunageuka kutazama.

Ulikuwa muntu wa leo. Samaki waliotoka ziwani asubuhi ulianika asubuhi, hata wingu likinuna. Batoto wa katekisimu uliwaambia: "Jana tunaiungama, kesho tunamwachia Mungu, leo tunafanya kazi. Bwana alitufundisha kuomba mkate wa leo. Nani hapa amekwisha kusikia mkate wa ejo?" Walicheka sana. Kwa Kinyarwanda ejo ni jana, na ejo hiyohiyo ni kesho, na sisi tuliokulia Bukavu kwa Kiswahili neno hilo lilitutesa. Mimi dada yako mkubwa uliniita Yaya. Nikisema nitafanya jambo ejo, unanitania: "Ejo gani, Yaya? Ya nyuma ao ya mbele?"

Vita vilipoingia Bukavu mwaka 1996, uliniomba nikungoje karibu na daraja la Ruzizi, la kuvukia Rwanda, urudi kumchukua mama. Nilingoja kidogo. Bunduki zikalia, nikavuka na batoto wangu.

Ulifika siku ya nne, mama mgongoni, miguu yako imevimba. Ulinitazama, ukasema, "Yaya, umepika nini?" Nikakupakulia maharage. Mama alikaa nasi wiki mbili, tukamzika. Neno la kukuomba radhi nililiweka kando. Nikasema moyoni, ejo.

Miaka mitatu nilikuletea chumvi, vitenge, mahindi ya Giheke. Lile neno sikulileta.

Halafu Jumatatu ile jirani yako Cubaka alinikuta sokoni Kamembe. Akasema, "Maman, Mukabera amezidiwa. Alikuita ejo." Nikamaliza kununua vitu vyangu, nikarudi nyumbani, nikalala. Nilikuja Jumanne. Nikakuta wanawake wamekaa nje ya mlango wako, umekwisha kututoka.

Nililia, nikaeleza kwamba nilidhani umeniita nije kesho yake. Kila muntu akanihurumia. Kaka yetu Gasana akanishika bega: "Ni lugha, Védastine, si wewe." Nimekula huruma hiyo mwaka mzima, na kila Jumapili nimeipeleka kanisani kama nguo safi.

Mukabera, nilisikia vizuri. Nilijua uliniita jana, na kwamba nilikuwa nimekwisha chelewa siku moja. Niliogopa utaniuliza habari ya daraja kabla hujafa, na mimi nitakosa jibu. Ndiyo maana nikajichagulia ejo ya mbele.

Juzi Uwimbabazi alikuwa anachambua mchele, akaniambia bila kuinua kichwa: "Mama alitaka umsuke nywele, Yaya mkubwa. Alisema hakuna mwingine anayejua mistari ya utotoni." Ni hivyo tu. Hukutaka kuniuliza daraja.

Mimi nilisoma miaka michache tu ya shule, lakini nimeyaandika haya kwa mkono wangu, yasomwe mbele ya watoto wako. Nilivuka bila wewe. Uliponiita nilikaa nyumbani, kisha nikasingizia neno. Nisamehe, mdogo wangu. Na Mungu ambaye kwake jana haijapotea na kesho haijachelewa, anisaidie kusema hivi bila kujificha.

Misa yako itasomwa Nkanka Jumapili asubuhi. Kabla ya misa nitamsuka Uwimbabazi, mistari ileile, ili mmoja wenu aketi mbele ya magoti yangu.

Tunaokukumbuka: watoto wako Uwimbabazi na Niyonshuti, kaka yako Gasana, na Yaya wako Védastine, niliyechelewa. Tutakukumbuka leo, na kila leo ambayo Mungu atatupa.